Lavenda ya Memsabu

Ile lavenda niliitunza miaka minne, na mpaka leo nikisikia harufu yake nageuza njia.

Nilikuwa mtunza bustani kwenye shamba la mzungu, upande wa Subukia. Mkewe, memsabu, alileta miche kutoka kwao. Mimi nikailea kama kabichi: samadi ya ng'ombe, maji kila jioni. Yote ikaoza mizizi, isipokuwa mmoja niliousahau kando ya njia ya kokoto. Huo ukanawiri. Ndipo nikajua mmea huu hautaki kubembelezwa. Memsabu mwenyewe hakujua lolote. Kazi yake ilikuwa kukata maua na kuyaweka katikati ya mashuka.

Nikakata vijiti kutoka kwa ule mmoja, nikavipanda mchangani, nikapata safu mbili ndefu. Memsabu alifurahi, akanipa vijiti vitatu kwa mkono wake. "Peleka kwa bibi yako," akasema. Mke wangu akavipanda mlangoni. Majirani walitucheka, eti tunapanda kisicholiwa.

Siku moja mume wa memsabu alipita kambini kukagua nyumba zetu, akaiona ile lavenda.

"Wewe naiba maua ya memsabu?"

Nikamwambia nilipewa. Akanipeleka mpaka barazani, akamuuliza mkewe mbele yangu. Kila kitu changu kilikuwa kwenye jibu hilo: nyumba, shamba dogo la mahindi, mbuzi wawili, watoto waliozaliwa palepale.

Memsabu akatazama kikombe chake cha chai. "Mimi hapana kumbuka," akasema.

Ati hakumbuki. Nilijua amekatazwa kuwapa wafanyakazi vitu, na mumewe alikuwa mkali. Lakini yeye angegombezwa tu, halafu alale kitandani kwake. Mimi nilipewa siku tatu nihame na watoto. Nilimchukia, sifichi.

Siku ya tatu alinijia bustanini, macho mekundu. Nikadhani anakuja kuniomba radhi. Kumbe alitaka kujua maua yake yatunzwe vipi nikishaondoka.

Nilivua kofia, nikamjibu kwa adabu. "Samadi nyingi, memsabu. Na maji kila jioni, usikose hata siku moja."

Akaandika kwenye karatasi, akanishukuru.

Jioni hiyo nilipita kando ya zile safu na mzigo kichwani. Sikuweza kuzitazama. Zenyewe hazikuwa zimenikosea kitu.