Fomu Chini ya Thamosi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, barabara ya Soy ikiwa tope tupu, nikiingia darasani na majivuno mengi kuliko elimu yangu. Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiingereza. Siku hiyo tulisoma vitenzi vya kuzuia: delay, hinder, block, prevent. Nikawaambia wanafunzi hinder na prevent ni kitu kimoja, mtu achague anachotaka.

Nekesa, binti wa kibarua wa shamba la mahindi, akainua mkono. "Sorry Mwalimu, lakini mtu akiwa hindered si bado anaweza fika? Huyo wa prevent ndio hafiki kabisa."

Darasa likaangua kicheko. Alisema kweli, mwanangu, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Wiki ileile akaniletea fomu ya kuomba nafasi ya kusomea uuguzi. Ilitaka sahihi ya mwalimu wa darasa, yaani mimi. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikamwambia, "Weka hapo, niko bize," kisha nikaisukuma chini ya thamosi ya chai. Nilijiambia namchelewesha kidogo tu, ajue adabu. Kila asubuhi alichungulia mlangoni mwa staffroom, na kila asubuhi nikajifanya nasahihisha madaftari.

Jumatatu iliyofuata hasira ikaniisha, nikatia sahihi. Fomu ilikuwa na duara la chai katikati. Akaikimbiza mjini siku hiyohiyo, akaambiwa mwisho ulikuwa Ijumaa. Tarehe ilikuwa imeandikwa juu kabisa, wala sikuwa nimeisoma.

Mama yake alikuja shuleni na njugu amezifunga kwenye leso. "Asante Mwalimu kwa kujaribu kumsaidia," akasema. "Ni Mungu tu hakupanga." Nikazipokea. Naona aibu mpaka leo, maana nilimwachia Mungu lawama yangu mwenyewe.

Siku hizi Nekesa anauza mboga hapa Kapsoya. Nikipita huniita Mwalimu na kuniongezea sukuma. Juzi nilishindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Aliendelea kukatakata sukuma, hata hakuinua macho.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa naiona hapo chini ya thamosi kila siku."

Nikalipa, nikaondoka na sukuma yangu.

Mwanangu, kesho unaanza kazi ya ofisi, na utapewa muhuri. Karatasi ya mtu ikifika mezani kwako, soma tarehe kwanza, umalizane nayo, mwenyewe akiwa bado amesimama hapo. Kama amekuudhi, mwambie usoni, lakini usiikalie fomu yake. Wewe utasema umemchelewesha tu, na kumbe kwake ndiyo mwisho wa safari.

Mungu aujalie mkono wako wepesi. Na kila atakayeingia kwako na karatasi, atoke akiwa na haraka ya kwenda mbele.