Mguu wa Mpangaji

Kuku yule aliitwa Mpangaji kwa sababu alilipa kodi ya yai na kulalamika kama wapangaji wote. Alilala kwenye boksi la vitambaa vya mabaki, chini ya cherehani ya Fundi, mwanamke wa makamo aliyeshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Fundi hakujaliwa mtoto, wala hakutaka kuonewa huruma kwa hilo. Alimpenda kuku wake waziwazi. Wa kucheka na acheke.

Alikuwa na mazoea yake kazini. Akishona kola, alinyamaza. Akifika kwenye mshono mrefu wa ubavuni, ulimi ulifunguka, na wateja waliokaa kwenye benchi wakisubiri nguo walijua ndiyo saa ya soga. Mshono ukiisha, alikata uzi kwa meno na kuutema sakafuni, pale Mpangaji alipokuwa akiparura.

Katika nyumba hiyo aliishi pia wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa msusi. Huyo na Mpangaji hawakupikika chungu kimoja. Siku alipokuta kinyesi juu ya vitana vyake, alimfukuza kwa ufagio mpaka uani.

"Nitamvunja mguu huyu, wifi. Nakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa."

Kwa hiyo Mpangaji alipoanza kuchechemea, Fundi hakutafuta daktari. Jibu alikuwa nalo tayari.

"Umempiga," alisema.

"Nimempiga nani?"

"Unamjua."

"Nilimtishia tu, wifi. Hata unyoya sikuugusa."

"Kwa hiyo mguu umejivimbisha wenyewe?"

"Sasa mimi nitajuaje? Kwani mimi ndiye mama yake?"

Neno hilo lilimchoma Fundi pale penye kidonda. Huenda wifi hakulikusudia. Fundi hakuuliza. Alikata vijiti viwili, akaufunga mguu kwa kitambaa, akakishona kikakaza vizuri. Bandeji ile ilikuwa na pindo safi kuliko sare nyingi. Kisha akarudi kwenye cherehani, na ulipofika mshono wa ubavuni, akasimulia.

Hakutia chumvi nyingi. Aliyemtuhumu mwenzake bila ushahidi hana haja ya chumvi. Inatosha aseme kwa sauti ya upole huku akitazama kazi yake. Wateja waliguna, wakachukua nguo zao na habari. Haikupita muda, wanawake waliokwenda kusukwa wakawa wanamwambia wifi, "Polepole na kichwa changu, mvunja miguu." Walicheka. Naye alicheka nao mwanzoni. Baadaye akaacha kucheka, na baadhi yao wakaacha kwenda.

Mpangaji naye alizidi kudhoofu. Aliacha kutaga. Alisimama kwa mguu usiouma siku kutwa, akilitazama bakuli la mtama kama kitu cha ng'ambo ya mto. Fundi alipomnyanyua alihisi mfupa wa kidari umechongoka, nyama hakuna. Hapo ndipo alipomfunga kwenye kanga na kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alianza kwa kuikata bandeji. "Nani alikwambia umevunjika?"

"Mguu umevimba, daktari. Na aliyeuvunja namjua."

Daktari aliupapasa mfupa kutoka juu hadi chini, ulikuwa mzima. Akageuza wayo kutafuta kidonda cheusi, akakosa. Akayatazama magamba kama yameinuka kwa utitiri, yalilala sawasawa. Kisha akaosha kidole cha kati, kilichokuwa kimevimba na kuanza kuwa cheusi, akaleta taa karibu. Kwenye shina la kidole palikuwa na mfereji mwembamba. Aliingiza kibano, akavuta.

Ulitoka uzi wa buluu.

"Umejizungusha hapa ukabana damu," alisema. "Na bandeji yako imekaza juu yake. Nitapima kinyesi, huenda kuna minyoo, lakini maumivu peke yake yanatosha kumkondesha. Kidole hiki siwezi kukuahidi. Ndege atapona." Akauinua uzi. "Nyumbani kuna mtu anayeshona?"

Fundi aliuchukua. Buluu ile aliijua. Ilikuwa rangi ya sare za msimu ule.

Alirudi akamkuta wifi chumbani mwake, anakunja nguo zake na kuzitia begini. Alimwonyesha uzi, akamweleza yote bila kujitetea. "Nisamehe, wifi. Ni mimi."

Wifi aliendelea kukunja. "Mimi umeniambia chumbani. Wao uliwaambia kwenye benchi."

Asubuhi iliyofuata begi lilikuwa mlangoni, na wifi nyuma ya pazia la ndani, akimsubiri kaka yake, mume wa Fundi, aje kumbebea. Kwenye benchi alikaa mteja mmoja, mwanamke mwenye mdomo unaofika kila nyumba.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

Fundi alikuwa kwenye kola. Siku hiyo hakungoja ubavu. Aliondoa mguu kwenye pedali, akasema, "Wifi yangu hakumgusa kuku. Ni uzi wangu mwenyewe. Nilimsingizia."

Mteja alitabasamu, akapunguza sauti. "Una moyo, fundi. Mtu akuvunjie kuku mguu, na bado umsitiri."

"Simsitiri."

"Nimeelewa, shoga. Mambo ya ndani yabaki ndani." Akakonyeza, akanyoosha mkono kuchukua gauni lake lililokuwa tayari mezani.

Uongo ulikuwa umetoka kwenye benchi hilo kwa mshono mmoja tu. Ukweli ulikuwa unakataliwa na mtu wa kwanza. Pazia halikutikisika. Fundi aliweka kiganja juu ya gauni.

"Kaa chini," alisema. "Huondoki nalo mpaka unielewe. Naanza upya."