Nilifuta sifuri ya binti yangu kwenye hesabu ya kugawanya, akabeba kosa langu

Wakuu, habari za mchana. Hii si chai, ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri kuliko hii.

Mie ni fundi aluminium, naishi Kimara. Nina binti, Nasra, yuko darasa la nne.

Shuleni kwao homework lazima mzazi asaini chini ya kazi. Na mie kwenye kusaini hesabu nilikuwaga najisikia balaa, maana mtaa mzima nilishautangazia kuwa hesabu ndiyo zilikuwa zangu.

Wiki iliyopita kaniletea 7,344 gawanya kwa 24. Jibu kaandika 306.

"Hii sifuri ya katikati imetoka wapi?"

"Baba, mwalimu katuambia..."

"Mwalimu, mwalimu! Mie nimeanza kugawanya mwalimu wako hajazaliwa. Lete kifutio."

Nikafuta. Nikamwonyesha yangu: 73 kwa 24 inaingia mara tatu, inabaki moja. Nikashusha nne zote mbili kwa mpigo, ikawa 144, inaingia mara sita. Jibu 36. Nikapiga saini kubwa kama mkurugenzi.

Mtoto akaliangalia daftari, akalirudisha kwenye begi.

Kesho yake karudi na kosa la wino mwekundu. Nikawaka! Asubuhi sikwenda kazini, nikanyoosha shuleni na daftari mkononi.

Mwalimu wao dada mdogo tu, akaniamkia vizuri, shikamoo. Mie nikaitikia nusu nusu, nikaanza kumfokea mbele ya darasa zima eti anakosesha watoto makusudi.

Hakubishana. Akanipa chaki.

"Baba Nasra, tuhakiki. Zidisha 36 mara 24."

Nikazidisha ubaoni. 864. Nikarudia. 864 tena.

Wakuu, jasho lilinitoka. Ndipo nikaona: ukishusha nne ya kwanza unapata 14, na 24 haiingii kwenye 14. Pale juu unaandika sifuri kwanza, ndiyo unashusha nne nyingine. Yaani kile kile alichofanya mtoto.

Watoto wakaanza kucheka. Mwalimu akalisogeza daftari dirishani, akauliza taratibu, "Mbona hapa chini inaonekana kulikuwa na 306? Nani alifuta?"

Nasra akasimama. "Mimi, madam. Baba alisaini tu."

Na mie nikanyamaza. Mtu mzima, na ndevu zangu hizi, nikanyamaza. Mbaya zaidi nikamwambia, "Siku nyingine uwe makini, mwanangu," nikatoka zangu.

Nikifika hapo kwenye kukumbuka natamani kujizaba kibao.

Tangu siku ile haniulizi kitu. Ananiletea daftari nisaini, jibu kalifunika kwa kiganja.

Nilichojifunza: usifute kazi ya mtoto kabla hujamuuliza kaipataje, na ukigawanya, zidisha urudi uone kama namba ya mwanzo inarudi. Ila hilo dogo. Kumwambia Nasra "ni mie niliyekosea" ndiko kumenishinda, leo siku ya sita. Kila nikifungua mdomo namuuliza kama ameshakula.

Nyie mliowahi kumuomba mtoto wenu msamaha, mlianzaje? Mniambie mapema jamani, anatoka shule saa tisa.