Mlango Niliokatazwa

Mimi ni mbishi, na sikuanza jana. Baba alikuwa akisema nilitoka tumboni nikibishana na mkunga. Kwa hiyo nilipomaliza masomo ya uuguzi na ukunga kule misheni, juu Kilimatinde, nikaitwa kazi na hospitali mbili, walionijua walibashiri mapema kwamba nitachagua ile isiyotakiwa na mtu.

Moja ilikuwa hospitali ya serikali, Singida mjini. Huko kulikuwa na wodi ndefu, sare zinazofuliwa na dobi, na nyumba ya matofali ya kulala wauguzi. Nyingine ilikuwa ya misheni yenyewe, ila si pale mlimani nilipopazoea. Walitaka kunipeleka Sepuka, upande wa kwetu, kwenye nyumba ya vyumba viwili waliyoijenga kwa ajili ya kuzalisha. Msichana aliyenitangulia alikaa pale kiangazi kizima bila kupokea hata mama mmoja, akaomba kuhamishwa. Sista mkuu, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi, aliniambia wazi kwamba nikikataa, nyumba ile itafungwa na kufanywa ghala la mtama. Akaniruhusu niende nyumbani nikafikiri, nirudi na jibu.

Sikuwa na la kufikiri. Dada yangu wa tumbo moja alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, na ile ya misheni haikuwa mbali, mwendo mfupi tu wa miguu. Mtoto alizaliwa kamili, hakulia, wakamfunika. Habari ilinikuta chuoni nikiwa nimekwisha fundishwa namna ya kumzindua mtoto kama yule. Nililia, na zaidi nililia kwa hasira. Sasa dada alikuwa na mimba nyingine, imekomaa, nami nikaapa kwamba huyu hafi.

Lori la Mhindi mmoja lilinichukua kutoka Manyoni. Tuliposimama Mkiwa, mama muuza karanga aliniuliza habari zangu, akanishauri niende mjini, maana Sepuka hakuna wanaume wa maana. Nikamwambia sitafuti mwanamume, natafuta wajawazito. Alicheka mpaka akaniongezea karanga.

Nyumbani, baba hakuficha lake. Alisema hakunitoa kwenye kuchunga mbuzi akanipeleka shule ili nirudi kukaa na mbuzi. Yeye alitaka mjini. Nikamwacha hapo, kwa sababu mtu niliyemhitaji hasa alikuwa shangazi, dada yake mkubwa. Ndiye aliyekuwa mkunga wa upande wetu wote, na hata mimi nilipokelewa na mikono yake. Nilipiga goti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipima kiuno kwa macho. Akauliza kama nimeolewa. Bado. Akauliza kama nimezaa. Bado. Basi, akasema, kazi hiyo ya Sepuka niiache.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyumba ile ilikuwa tupu. Kwetu, msichana ambaye hajazaa haingii mahali mwanamke anapojifungua. Wanasema mwenye uchungu humwonea haya, na mtoto hurudi juu. Wazungu walikuwa wamejenga nyumba, wakaipaka chokaa, wakaweka kitanda cha chuma, halafu wakatuletea wasichana. Na mimi, mtoto wa pale pale, mwiko huo nilikuwa nimeusikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba utakuja kunihusu mimi mwenye cheti.

Nilimweleza shangazi kwamba mlimani nimezalisha wanawake wengi na hakuna mtoto aliyerudi juu. Akasema hao ni watu wa reli, wapita njia, hawana shangazi.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akaniambia. "Wewe unajua nini?"

Nilitoka pale kwa hasira. Jioni ile nilikataa ugali wa uwele na mlenda, chakula nilichokuwa nikikitamani chuoni kila siku ya Mungu. Baba akaona pa kunishika, akasema kwa upole kwamba mambo yamejipa, niende mjini. Nikamjibu kwamba sitakwenda. Akaniuliza nitakwenda Sepuka kumzalisha nani. Nikarudia kwamba mjini siendi.

Uchungu ulimshika dada kabla sijaondoka, jua likiwa utosini. Shangazi aliingia na wanawake wawili. Nikaja na mkoba wangu, naye akaweka mguu kwenye kizingiti. Alikuwa mzee, ningeweza kumsukuma. Lakini sauti ya dada ilitoka ndani ikisema, "Mdogo wangu, nakuomba, kaa huko huko." Alikuwa ni yeye mwenyewe, aliyenibeba mgongoni, ananiogopa. Hilo liliniuma kuliko mguu wa shangazi.

Sawa, nikakaa. Nilichemsha maji, nikatandika kitambaa safi kivulini karibu kabisa na mlango, nikanawa mikono mpaka viwiko. Kisha nikaanza kupaza sauti: asipolia, nipeni mimi. Wakaniambia ninyamaze. Asipolia, nipeni mimi. Nilirudia mpaka mmoja wa wale wanawake akasema huyu mtoto wa kaka yako ana kichaa.

Mara nikasikia wamenyamaza wote. Mtoto alikuwa ametoka na hakuna aliyelia, si yeye, si wao. Nikasimama nikiwa nimekunja ngumi. Wallahi, ningeingia, na wangenilaani baadaye. Lakini shangazi alitokea mlangoni kabla yangu, na mtoto kwenye nguo, kitovu kimekwisha kukatwa. Kwetu kichanga hatolewi nje mpaka kitovu kianguke. Huo nao ni mwiko, na mkubwa kuliko wangu.

"Wewe huingii," akasema. "Lakini mtoto anaweza kutoka."

Nilimpokea nikamlaza kwenye kitambaa. Nikamsafisha kinywa kwa kidole, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi ndogo ndogo, za kujaza mashavu tu. Nilisema naye pia, nikamwambia mama yake hawezi kuzika mara ya pili. Akakohoa. Akalia, na alilia kwa hasira, wa ukoo wetu kabisa. Alikuwa msichana. Nikamrudisha juu ya kizingiti bila kukanyaga ndani, shangazi akamchukua bila kusema asante, na vigelegele vikaanza. Mimi nikakaa chini nikalia.

Nilirudi Kilimatinde nikamwambia sista mkuu kwamba ni Sepuka. Akauliza nina hakika gani kwamba wanawake watakuja. Nikamwambia sina, ila mimi nitakuwapo. Baba hakunisindikiza. Nilihamia na godoro langu, nikafagia vyumba, na hakuna aliyekuja. Nikafagia tena kesho yake na siku zilizofuata. Wanawake walipita na mitungi yao wakinisalimu kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mfiwa. Baba akanitumia salamu kwamba mjini bado wananingoja. Nikamrudishia salamu kwamba nafagia.

Asubuhi moja nikamwona shangazi anakuja kwenye njia, amemshika kiuno mwanamke mwenye uchungu, na nyuma yao wanawake wengine wanachungulia. Alimfikisha mlangoni, akanikabidhi mkono wa yule mama, kisha yeye mwenyewe akakaa chini, nje, penye vumbi.

Nikamwambia, "Shangazi, ingia."

"Hapa ni kwako," akasema. "Humu mimi sijazaa."

Wanawake waliangua kicheko, hata yule mwenye uchungu. Mimi sikuwa na nafasi ya kubishana, kwa mara ya kwanza maishani. Nilimlaza mgonjwa wangu, nikauacha mlango wazi. Nilipogeuka kuchukua maji, beseni halikuwapo mezani. Lilikuwa nje, mbele ya shangazi, naye ananawa mikono mpaka viwiko.

"Asipolia," akasema bila kuniangalia, "nipe mimi."