Mnazi wa Mama, Kuanzia Chini

Katika simu yangu kuna picha moja mbaya ambayo sitaifuta. Inaonyesha shina la mnazi kuanzia udongoni hadi usawa wa kiuno cha mtu. Kushoto inaonekana ndala yangu, kulia kuna ndoo ya plastiki iliyopasuka, na jua limepiga kwa nyuma hata shina lote limekuwa kama limepakwa masizi. Mwaka mmoja kabla ya hapo ningeona aibu kuwa nayo.

Wakati ule nilikuwa na masharti. Nilimaliza chuo, nikarudi Bagamoyo kusubiri kazi, na katika kusubiri huko nikaanza kupiga picha za miti: mikoko maji yakitoka, mivinje ya ufukweni, mikorosho ya Zinga inayoinama mpaka matawi yanalala chini. Nilitoka alfajiri kufuata mwanga. Sikutaka mtu ndani ya picha, wala uzio, wala kamba ya nguo. Niliwahi kukaa nusu saa nikisubiri mama mmoja aanue kanga zake. Nilijiambia kwamba natafuta mti wenyewe, mti mtupu. Mimi ninayehoji kila kitu sikuwahi kujiuliza mti mtupu ni kitu gani.

Mtazamaji wangu wa kwanza alikuwa Bibi, mzaa mama. Tunaishi naye Dunda, hapo hapo Bagamoyo mjini. Alikuwa ameanguka na kuumia nyonga, akawa hafiki mbali zaidi ya baraza. Nikimpa simu atazame, swali lake lilikuwa moja tu.

"Huu wa nani?"

"Hauna mwenyewe, Bibi. Ni mandhari."

"Mnazi usio na mwenyewe? Mume wangu, huko chuoni walikufundisha nini?"

Ananiita mume wake tangu nizaliwe, kama bibi wengi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao, na kwa cheo hicho ananisema anavyotaka.

Kisha mama akapelekwa Dar kufanyiwa upasuaji. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alisema ni jambo la kawaida. Mama mkubwa alikwenda naye, mimi nikabaki na Bibi. Upasuaji ulipangwa Jumatano. Jumatatu, jirani yetu aliyekuwa ametoka kuzika Zinga alipita kutusalimu, na katika mazungumzo akasema kwamba mtu aliyenunua shamba letu la zamani ameanza kusafisha kiwanja ili ajenge. Minazi inaangushwa kwa msumeno wa mashine, alisema, hata nusu saa haiishi mnazi uko chini.

Jioni nilimpelekea Bibi wali, akausogeza pembeni. Asubuhi akausogeza uji. "Nimeshiba," alisema, naye tangu jana hajatia kitu mdomoni.

Nilijua kinachomsumbua. Mama alizaliwa pale Zinga. Kitovu chake kilipodondoka, Babu alichimba shimo akakizika, na juu yake akapanda nazi iliyochipua. Mnazi ukawa wa mama. Miaka mingi baadaye Babu aliuza shamba pamoja na minazi yote, isipokuwa huo mmoja. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na mnazi wake katikati ya shamba la mwenzake, na akaangua nazi zake mpaka afe. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Niliwahi kumuuliza Babu, enzi za uhai wake, ushahidi uko wapi. Alinitazama kama niliyemuuliza ushahidi kwamba yeye ni babu yangu.

"Nenda kamwangalie mama yako," Bibi aliniambia.

"Mama yuko hospitali. Hapo unazungumzia mti."

"Nenda."

Nilimweleza taratibu kwamba kitovu kilichooza ardhini zaidi ya miaka hamsini hakina habari na tumbo la mtu aliyeko Dar. Alinisikiliza vizuri mpaka nikamaliza.

"Sawa," alisema. "Sasa nenda."

Nilipanda bodaboda hadi Zinga. Shamba nililolikumbuka kuwa kubwa lilikuwa dogo, limezungushiwa seng'enge mpya, na ardhini kulikuwa na visiki na unga wa mbao. Minazi sita ilikuwa bado imesimama. Sikujua wa mama ni upi. Mtu pekee niliyemwona ni mkwezi mmoja, naye alikuwa juu kabisa kileleni mwa mnazi wa jirani. Nikaona haya kupaza sauti kumuuliza mtu aliye angani mama yangu ni yupi. Nikachagua mwenyewe. Mmoja ulikuwa mrefu, umepinda kidogo, na makuti yake yalikuwa yanapokea jua vizuri. Moyo uliniambia ni huo. Niliegemeza begi kwenye mnazi wa karibu, nikapiga picha thelathini na moja.

Bibi aliipokea simu kwa mikono miwili. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Huyu si mama yako."

"Bibi, minazi inafanana."

"Hata watoto wanafanana. Nionyeshe miguu yake. Babu yako aliutia alama chini, mkia wa samaki, kwa panga."

Nilizipitia picha zote, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja yenye mguu wa mti. Kila picha nilikuwa nimeikata chini ili visiki na seng'enge visionekane.

"Umekwenda mpaka Zinga," Bibi alisema, "ukaniletea mawingu." Akanirudishia simu na kugeukia ukutani.

Hapo ndipo nilipoogopa. Si kwamba niliamini. Niliogopa kwamba, kama mnazi ule ulishaangushwa na mambo yakiharibika huko Dar, kwa sababu yoyote ile ya kidaktari, Bibi angeishi na kisiki hicho siku zake zote zilizobaki. Nami nilikuwa nimepita katikati ya visiki vile bila kuinamia hata kimoja.

Jumatano saa moja asubuhi nilikuwa tena Zinga. Nilianza na visiki. Vingi vilikuwa vimekatwa chini sana, karibu na udongo, na kama kulikuwa na alama ilikuwa imekwenda na gogo. Kwenye kisiki cha nane au cha tisa nilijikuta nafukua udongo kwa vidole, na hilo silielewi mpaka leo.

Mkwezi wa jana alikuwa chini safari hii, amesimama kwenye kifuo chake, ule mti wenye ncha uliochomekwa ardhini, anafua nazi, makumbi yamezagaa miguuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umerudi? Jana nilikuona kutoka juu. Nikasema yule kijana anatazama mbingu, huenda mwezi umeandama na sisi hatuna habari."

"Nilikuwa napiga picha."

"Za nazi zangu?"

"Natafuta mnazi wa mama yangu," nilisema, nikamtajia Babu.

Akaacha kufua. "Ala, wewe ndiye mjukuu wake? Jana begi lako uliliegemeza wapi?"

Nilianza kuonyesha kwa mkono, na mkono ukaishia hewani.

Mnazi ule wa begi ulikuwa mfupi kuliko yote. Makuti yake yalikuwa haba, shina limetobolewa na wadudu, na mbele yake mtu alikuwa ametupa ndoo mbovu. Nilipiga magoti. Kiganja kimoja kutoka chini kulikuwa na mkia wa samaki, kingo zake zimelainika, lakini mikato yote bado ipo. Niliweka kidole ndani nikakiacha humo kwa muda.

"Fundi wa msumeno alifika mpaka hapo," mkwezi alisema nyuma yangu. "Nikamwambia huo wa watu. Akasema mbona hauzai. Nikamwambia na mama yako naye hazai tena, utamkata?"

"Na mwenye shamba?"

"Aliuliza karatasi iko wapi. Nikamwonyesha hiyo alama. Akanuna siku mbili. Hujaona seng'enge ilivyopinda hapa?"

Sikuwa nimeona. Ilikuwa imenyooka upande wote ule, ikifika kwenye mnazi wa mama ikajikunja kama kiwiko na kuuacha nje, upande wa njia, ili wenyewe waufikie. Ndiyo seng'enge niliyoihangaikia jana isionekane. Nilicheka peke yangu, na mkwezi akacheka kwa kuniona nacheka. Kisha nikapiga picha moja tu, hapo hapo magotini, kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Bibi aliikuza kwa vidole viwili, akaufuata ule mkato kwa ukucha, juu na chini.

"Huyu ndiye," alisema. Kisha, "Uji umebaki?"

Nilimpashia uji, akanywa vikombe viwili, akalalamika kuwa sukari ni kidogo. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa mama mkubwa alipopiga simu. Mama ametoka salama, anadai chai, na amekatazwa chai. Nilikaa chini, sakafuni, ingawa kiti kilikuwa pale. Bado nasema mambo haya mawili hayahusiani, na Bibi bado ananijibu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Mama aliporudi nyumbani nilimwonyesha picha. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mbona umenipiga miguu tu?"

"Ndiyo aliyotumwa," Bibi alijibu kwa niaba yangu.

Mama alipopata nguvu tulikwenda wote watatu, Bibi kwenye bajaji na fimbo yake. Nilipiga nyingine, kuanzia chini: mkia wa samaki, ndoo, seng'enge iliyopinda, na mkwezi ambaye alikataa kutoka kwenye picha kwa madai kwamba yeye ndiye shahidi. Mama alisimama katikati, mkono mmoja kwenye shina na mwingine umeshikilia kanga juu ya mshono, akauliza kama tumbo linaonekana. Nilimwambia linaonekana. Akasema basi piga hivyo hivyo.