Clement Tolley na Ndege Iliyosimama Hewani

Clement Tolley aliogopa ngazi. Naanzia hapo kwa sababu waliomjua kwa picha za magazetini tu huwa hawaniamini nikiwaambia. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kurusha ndege ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzirusha hakuweza kupanda kwenye paa la nyumba yake kuzibua mfereji wa mvua. Aliyepanda ni mkewe, Beryl. Tolley alishika ngazi chini, kafumba macho.

Mimi naitwa Enid Purkiss. Nilifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha ndege pale Thornhurst, Uingereza, katika chumba cha hesabu, wanawake sita tukikaa meza moja ndefu. Kila ndege ya majaribio ilibeba kifaa kilichochora mistari kwenye utepe wa karatasi: mstari wa kasi, wa joto la injini, wa mkono wa rubani kwenye usukani, wa miguu yake kwenye kanyagio za kugeuza pua ya ndege. Ndege ikishatua, utepe huletwa kwetu, tunaupima kwa rula na lenzi, tunaandika tarakimu. Kwa hiyo niliujua mkono wa Tolley kabla sijaujua uso wake. Marubani wengine mistari yao ilirukaruka kama mtu anayefukuza nzi. Wa kwake ulikuwa umetulia. Ukipanda, umepanda kwa sababu. Ukishuka, hivyo hivyo.

Alikuwa mtoto wa mtengeneza matandiko ya farasi kutoka Lincolnshire, mfupi, masikio makubwa, mwenye kusema polepole. Alirusha ndege vitani akiwa na miaka ishirini, akarudi mzima, na akaja kwetu kama rubani wa majaribio. Mwaka 1960 mbunifu wetu mkuu, Dakta Frayne, alimwita ofisini akamwonyesha mchoro. Mimi nilikuwa mle ndani nimebeba mafaili.

"Midomo minne ya injini," Frayne alisema, "na yote inageuka. Ikitazama nyuma, unakwenda kama jeti yoyote. Ikitazama chini, unapaa wima."

Tolley akauinamia mchoro.

"Na nikitaka kusimama hewani?"

"Unasimama."

"Bila mbawa kunibeba?"

"Bila mbawa. Umekalia moto tu."

"Na moto ukizimika?"

"Basi unashuka, bwana. Tena haraka."

Tolley akacheka, akaomba chai.

Ndege ilipokuwa tayari, mafundi waliipa jina la Gladys, kwa heshima ya Mama Gladys wa kantini, mwanamke mnene ambaye mtu akiisema vibaya supu yake aliinuka kitini wima, mara moja, bila kujitayarisha. Mwenyewe alipoambiwa alisema, "Afadhali. Hiyo nyingine angalau itasikika ikinguruma, mimi mnanifanya kama sipo."

Siku ya kwanza waliifunga kwa minyororo juu ya shimo lililofunikwa wavu wa chuma. Sisi wa hesabu tuliruhusiwa kutoka nje, tukasimama kwenye ua tumeziba masikio kwa pamba. Injini ilipopanda sauti, niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Majani yaling'oka na mizizi yake yakaruka. Wally Hobday, fundi mkuu, alilala kifudifudi kwenye matope, shavu chini, akichungulia chini ya magurudumu. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa. Ghafla akaanza kupiga ngumi ardhini.

"Naona mwanga!" alipiga kelele. "Naona mwanga chini ya matairi yote!"

Ilikuwa imeinuka shubiri moja. Tani sita za chuma zilikuwa zimeacha ardhi bila kukimbia hatua hata moja. Iliyumba, minyororo ikalia, ikashuka kwa kishindo. Lakini tuliiona. Mwenzangu mmoja alikuwa akilia, na alipoulizwa kwa nini, alisema hajui.

Miezi minne baadaye minyororo ilitolewa. Tolley aliiinua mpaka usawa wa paa la karakana, akasimama nayo pale dakika mbili, akaishusha. Alipotoka, shati lilikuwa limelowa kama amelifua akalivaa. "Ni kama kusimama juu ya mpira umepakwa sabuni," alituambia, "halafu mtu anakuomba uandike barua."

Ubaya ulijificha mahali ambapo hatukuutazamia. Mara tatu, akitembea hewani taratibu, Gladys alilalia upande bila kuamriwa. Mara zote tatu Tolley aliiwahi. Aliandika katika ripoti: *Nahisi kama kuna mtu ananisukuma begani.* Wakubwa walibishana wiki nzima kuhusu injini. Mimi nilikaa na zile tepe tatu, nikazipanga juu na chini mezani, nikazilinganisha na daftari la upepo wa uwanjani, nikaona jambo. Kila mara, kabla ndege haijalala, upepo ulikuwa umeanza kuipiga ubavuni. Na miguu ya Tolley, ambaye hakuwahi kuchelewa, ilichelewa.

Nilimfuata kantini, nikamkuta na mkate wa nyama ya kukaanga mkononi.

"Samahani, Bwana Tolley. Ukiwa umesimama hewani, unajuaje upepo unatoka wapi?"

Akaacha kutafuna. "Sijui," alisema. "Vifaa vyote vinataka kasi ndiyo vifanye kazi. Nikisimama, vinalala usingizi."

"Basi ndiyo hiyo. Ubawa ulioelekea upepo unabebwa, mwingine unaangushwa. Wewe unageuza pua ukiwa umeshachelewa, kwa sababu huoni."

Akauweka mkate mezani. "Dada Enid, umekaa na jambo hili tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na leo Ijumaa! Inuka, twende."

Frayne alitusikiliza, akakubali, akasema kifaa cha kupima upepo wa ubavuni kitahitaji miezi mitano kubuniwa. Mama Gladys, aliyekuwa ameleta chai na sufu yake ya kufuma ikiwa kwapani, aliuliza upepo gani huo wa kuutafutia miezi mitano. Akakata kipande cha uzi mwekundu, akakishika juu mbele ya dirisha lililo wazi. Kikapepea. Alasiri hiyo hiyo Hobday alikibandika kipande hicho kwa plasta mbele ya kioo cha rubani.

Kujua upepo unatoka wapi haikutosha. Ilibidi tujue ndege inavumilia kiasi gani kabla ya kupinduka, ili marubani watakaokuja wapewe mpaka wa kutovuka. Na namna ya kuupata mpaka ni kuusogelea. Tolley alijitolea kuigeuza Gladys ubavu kwa upepo makusudi, kidogo leo, zaidi kesho. Kila asubuhi aliandika kwenye karatasi moja atakachofanya na pale atakapoacha, akaitia saini. Nimeona watu jasiri wengi, hasa wakati wa vita. Wengi wao walikuwa wakali, au wamelewa, au wamekata tamaa. Huyu alikula yai lake, akanoa penseli, akaenda.

Siku ya tisa nilikuwa kwenye gari la redio pamoja na Hobday. Tolley alikuwa futi mia moja na hamsini juu ya uwanja, upepo ukimpiga kutoka kushoto.

"Naongeza kidogo," sauti yake ilisema. "Gladys yuko sawa. Naongeza."

Ubawa wa kushoto ukainuka. Ukaendelea kuinuka. Niliona mgongo wote wa ndege, kitu ambacho mtu aliye chini hapaswi kukiona.

"Ruka, Clem!" Hobday alipaza sauti kwenye kipaza. "Ruka, mwanangu, ruka!"

Lakini ilikuwa imeshalala mno. Kiti cha kujifyatua kingemtupa ardhini kama jiwe. Nilishika ukingo wa meza. Ndege ilianza kuzama kuelekea kwenye miti ya mialoni, na nikaona pua yake ikizunguka, polepole, kuelekea kushoto, kule kule upepo unakotoka. Ubawa ukashuka. Ikakaa sawa, chini kabisa, ikapita juu ya ua wa miti ikirusha matawi, kondoo wa jirani wakatawanyika kila upande, kisha ikapanda.

Redio ikakwaruza. Halafu: "Nadhani mpaka tumeupata. Mwambieni Dada Enid aandike."

Hobday alikaa chini sakafuni. "Mshenzi huyu," alisema, machozi yakimtoka. "Mshenzi huyu ananiita mzee kila siku, na leo kanizeesha kweli."

Tolley alirudi, akasimama hewani juu ya alama, akatua.

Utepe wa siku hiyo niliupima mwenyewe. Hatari yote ilichukua sekunde mbili na nusu. Mstari wa mkono ulikuwa umefika mwisho, usukani umebanwa kushoto hadi usingeweza kwenda tena. Rubani yeyote angeendelea kuubana tu na kuomba Mungu. Lakini ndani ya sekunde ya kwanza mstari wa mguu wa kushoto ulishuka, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na kwa wakati huo huo midomo ya injini ikageuzwa kidogo nyuma ili apate kasi. Hakuna mtetemo. Nilirudia kupima mara tatu nikidhani lenzi yangu ina kasoro. Ndege inapinduka, ardhi iko pale, na mtu ameutazama uzi mwekundu, amefikiri, akafanya jambo sahihi kama anayefunga kifungo cha koti.

Nilipompelekea tarakimu zile alizisoma kwa makini. "Nilikuwa mtulivu hivyo?" aliuliza. "Mbona usiku Beryl aliniambia nimemshika mkono nikauumiza?"

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Mwaka 1963 alitua juu ya meli ya kivita baharini. Baharia mmoja mzee, aliyezoea kuona ndege zikinaswa kwa kamba sitahani, alivua kofia ndege ilipokuwa bado hewani, akabaki kaishika kifuani mpaka injini ikanyamaza. Tolley alishuka, akasalimiana na kapteni, kisha akaenda pembeni akatapika. Meli ilikuwa ikimyumbisha. Akawafundisha marubani vijana, ishirini na saba kwa hesabu yangu, na kila mmoja alianzishiwa na uzi: "Uangalie huu kabla ya kumwangalia mkeo."

Mwaka wake wa mwisho kazini tulikuwa na ndege ya viti viwili. Siku moja Tolley aliingia chumba cha hesabu na karatasi iliyosainiwa na Frayne.

"Dada Enid, umenisoma miaka kumi na moja. Njoo uone."

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nne, sijawahi hata kupanda ndege ya abiria. Wakanivika, wakanifunga mikanda, Hobday akaniambia nisiguse chochote, hasa kishikio cha kiti cha kujifyatua, kile cha rangi ya njano na nyeusi. Kisha ardhi ikashuka. Sina namna nyingine ya kusema. Hatukwenda popote, ardhi ndiyo iliyotuacha, wima, na mbele yangu ikaja saa ya mnara wa kanisa la Thornhurst, ile ambayo nimeitazama kutoka chini maisha yangu yote. Tolley akaisimamisha ndege pale pale. Niliona kiota cha njiwa nyuma ya mshale wa saa. Niliona wenzangu watano wa hesabu kule uani, nyuso zao zimeinuliwa, na Mama Gladys akipunga aproni. Chini yangu hapakuwa na kitu, hata kidogo, ila moto na mkono wa mtu mmoja.

"Unaonaje?" aliuliza kwenye redio.

Nilitaka kujibu, sauti haikutoka.

"Usijali," alisema. "Mimi pia mpaka leo sijapata neno lake."

Akaigeuza taratibu mpaka nikauona uwanja wote, na mashamba, na bahari kwa mbali kama utepe wa fedha, kisha akatushusha. Septemba ile alistaafu. Aliishi miaka ishirini na minne zaidi, akifuga nyuki, akisikia vibaya sikio la kulia, na akafariki kitandani kwake asubuhi ya Jumapili, Beryl akiwa jikoni.