Aliyemfuata Farasi Mpaka Shambani

Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya benki, mke wa rafiki yangu, ambaye huniita Papa kwa heshima, alinipigia simu na kusema maneno manne tu: "Papa, mume wangu amekufa." Nilidhani nimesikia vibaya. Jumapili tulikuwa tumekaa benchi moja kanisani hapa Glenwood, mtaa wa Durban, naye alikuwa akilalamikia viatu vipya vinavyombana. Sikuuliza kilichomuua. Nilijiambia najua: ni yule farasi.

Marehemu alikuwa Mrundi, mtunzaji wa farasi wa mbio. Mwaka wa Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini alikabidhiwa dume mweusi aliyekwisha kuwauma watunzaji wawili kabla yake. Akamlisha, akamsugua, akamtembeza kila alfajiri, na yule mkorofi akashinda mbio baada ya mbio mpaka akawa bingwa. Siku ya ushindi wake mkubwa kuliko yote nilikuwepo uwanjani. Watu walikuwa wanakumbatiana. Yeye alikuwa amechuchumaa, anapapasa mguu wa mbele wa mnyama. "Mzee, hii mguu iko na moto," aliniambia. Daktari wa mifugo hakuona kitu. Wiki tatu baadaye, mazoezini, kano ya mguu uleule ilichanika.

Bingwa asiyeweza kukimbia tena hupelekwa shamba la kuzalisha farasi. Shamba lilikuwa mbali, huko bara, na mwenye farasi alitaka mtunzaji aende naye. Rafiki yangu alisitasita, kwa kuwa mkewe ana saluni mjini na isingehamishika. Mama yule ndiye aliyekata shauri. "Wende," alimwambia mbele yangu. "Ukibaki hapa utakuwa unamuwaza yeye tu, na mimi sitaki mume wa nusu." Basi akaenda, akawa anarudi Jumapili. Mtoto wa kwanza wa dume yule aliposhinda hapa Durban, rafiki yangu alinipigia simu kutoka shambani. Alisema: "Mtoto yetu amekimbia, mzee."

Msibani alikuja mfanyakazi mwenzake kutoka shambani. Mjane akamuuliza alichokuwa anauliza kila mtu moyoni.

"Ni ule dume?"

"Hapana, mama. Dume hakumugusa hata siku moja. Ni jike, ule mpole kuliko wote. Alishtuka, akarusha teke mara moja tu."

Miaka yote hiyo tulimwogopea meno ya mmoja, na kifo kikatokea kwa mwingine ambaye hata watoto wa shamba walimpanda. Hadi leo akili yangu inalikataa jambo hili.

Lakini lililonishtua zaidi lilikuja baadaye. Mchungaji alitaka kuandika wasifu mfupi, akanigeukia mimi, mtu wa kalamu na rafiki wa marehemu. Aliuliza jina la baba yake. Sikulijua. Akauliza kijiji alichozaliwa. Sikukijua. Na mimi ni mtu ninayeweza kukutajia baba wa yule farasi, na babu yake, na mama yake alitoka shamba gani, kwa sababu kila Jumapili hayo ndiyo niliyomuuliza, naye akanijibu kwa furaha. Hakuwa mtu wa kuficha habari zake. Angenijibu hata hayo mengine. Msomaji wangu, yupo mtu unayeketi naye kila wiki na kumuuliza habari za kazi yake tu. Muulize habari zake mwenyewe, angali anaweza kukujibu.